"Mfumo Umegoma" Siyo Jibu la Kumpa Mama

Wiki iliyopita tuliongea kunyonyesha, tukacheka sana. Leo sichekeshi. Posti ni ndefu, nimeigawa vipande, someni mkiwa mnasubiri maharage yaive. Na usiseme "mimi kompyuta sijui", maana siku utakayofika dirishani na mtoto anachemka, kitakachokuzuia kinaweza kuwa kioo kilichoganda.

1️⃣

Maneno mnayajua. "Mfumo uko chini." "Mtandao unasumbua." "Imestaki, subirini hapo." Anayesema wala hainui kichwa. Na nyie mnarudi kwenye benchi, mnakunja khanga, mnasubiri kama mtu aliyebanwa na mvua chini ya paa la duka. Mvua ni ya Mungu. Kompyuta iliyoganda ina mwenyewe, na ina namna ya kushughulikiwa.

2️⃣

Nilikuwa nimemsindikiza wifi yangu kwenye kituo kimoja, sikitaji. Siyo ninapofanyia kazi. Pembeni yetu amekaa mama katoka kisiwani, kapanda boti alfajiri, mtoto wa miezi tisa mgongoni. Mtoto ana homa tangu juzi, hanyonyi. Mama kafika saa mbili asubuhi. Saa nne kasoro bado yupo kwenye benchi, kwa sababu programu ya kuandikisha wagonjwa imeganda, na bila kuandikishwa hapati namba, bila namba haingii kwa daktari.

Mtoto akapata degedege palepale kwenye foleni. Hapo ndipo watu wakakimbia. Kipimo cha haraka cha malaria kikasoma ndani ya dakika ishirini, dripu ikawekwa, sindano ya artesunate ikachomwa. Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Lakini niambieni: kile kipimo kilikuwa wapi zile saa mbili? Kilikuwa kwenye boksi, hatua kumi kutoka kwenye benchi. Hakina waya. Hakina intaneti. Tone la damu kidoleni, matone ya dawa yake, unasubiri, unasoma mistari.

3️⃣

Kwa hiyo wenzangu wa mapokezi, tuongee kidugu. Kipimajoto hakihitaji mfumo. Mashine ya presha haihitaji. Utepe wa kupima mkono wa mtoto hauhitaji. Mama mjamzito anayelalamika kichwa kinamgonga na macho yanaona ukungu, mpime presha kwanza. Inaweza kuwa kifafa cha mimba kinakuja, na hicho hakisubiri fundi atoke halmashauri. Mama aliyejifungua akivuja damu, saa mbili zinatosha kumpoteza.

Na vitabu vya MTUHA viko kwenye meza zetu. Namba 6 cha wajawazito, namba 7 cha watoto, namba 12 cha chumba cha kuzalia. Karatasi na kalamu. Bibi zetu wauguzi walizalisha nusu ya mkoa huu kwa taa ya chemli na daftari. (Sisemi turudi huko. Chemli inapofua macho.)

Najua mtakachonijibu. "Dawa ikitoka bila kuingizwa, mkaguzi atanishika." Andika kwenye cheti, weka jina, saa na sahihi, kisha mfumo ukirudi ingiza kwa saa ile ile uliyotoa. Mkaguzi anasoma karatasi kama anavyosoma kioo. "Malipo yatapitaje?" Mama mjamzito na mtoto chini ya miaka mitano, Sera ya Afya ya 2007 inasema wahudumiwe bila malipo kwenye vituo vya serikali. Sasa unasubiri mashine ikuruhusu kutompokea pesa?

4️⃣

Tuje kwenye mashine yenyewe, maana kuna uvivu umejificha nyuma ya neno "mfumo". Kuganda kuna aina zake. Mara nyingi programu haijafa, inasubiri. Imetuma ombi kwenye kompyuta kubwa iliyo mbali, Dodoma au kwingine, jibu halijarudi. Ni kama umesimama Kamanga unasubiri kivuko: ukipiga kelele hakiji haraka. Na ukibofya mara kumi kwa hasira umeongeza foleni, kila bofyo linaingia nyuma ya mwenzake. Baadaye mgonjwa mmoja anaonekana kaandikishwa mara nne.

Ondoa mkono kwenye mausi. Mpe dakika mbili, na hizo mbili zitumie kumpima mtoto homa. Angalia: mshale unatembea? Programu nyingine zinafunguka? Kama zinafunguka, kompyuta ni nzima, iliyoganda ni moja tu. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itakuja orodha ya programu zinazofanya kazi, chagua iliyogoma, ifunge peke yake, ifungue upya. Kabla hujaingiza taarifa tena, tafuta kwanza kama ile ya mwanzo ilishaingia. Kama mshale wenyewe umekufa na vitufe havijibu, ndipo ushikilie kitufe cha kuwashia hadi izime. Hiyo ni ya mwisho kabisa, maana ambacho hukuhifadhi kinapotea. Kuchomoa waya ukutani kwa hasira siyo ufundi.

Hayo yote ni kama dakika tano. Muhudumu anaweza kuyajua, hayahitaji digrii. Kama kituo hakijawafundisha, lawama ni ya wakubwa, siyo ya binti wa mapokezi. Wamenunua kompyuta, wakazindua kwa keki, wakaondoka.

5️⃣

Wapo watakaosema Mwanza ndiyo kuna shida, Ulaya haya hayapo. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la kampuni ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows kama milioni 8.5 duniani kote. Uingereza kwenyewe madaktari wa zahanati walirudi kwenye karatasi, wakaandika dawa kwa mkono. Kabla ya hapo, Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilizo chini ya bahari zilipata hitilafu na intaneti ikadorora nchi nzima. Siku hiyo ni ya wauguzi duniani, na mwaka ule iliangukia pia Siku ya Mama. Kwa hiyo mashine zitaganda, huku na kwingine. Ninachogombana nacho ni kituo kisicho na daftari la akiba na kalamu yenye wino kwa ajili ya siku hiyo.

Na mfumo wenyewe siuchukii, msinielewe vibaya. Ukiwa mzima, naona vipimo vya mama vya mwezi wa tatu bila kufukua kabati. Ndiyo maana naumia ukigeuzwa mlango wa kumfungia nje.

6️⃣

Sasa nyie mama zangu. Kadi ya kliniki usiiache nyumbani eti "wananijua kwenye kompyuta". Ile kadi haigandi. Iweke kwenye mfuko wa nailoni, hasa mnaovuka kwa mtumbwi.

Ukilipa kwa simu na simu ikanyamaza bila meseji, usirudie. Angalia salio kwanza.

Mtoto akiwa ana degedege, anatapika kila kitu, hanyonyi, amelegea au anahema kwa shida, benchi siyo lako. Usijieleze kwa kirefu. Sema: "Mtoto wangu ana dalili za hatari, naomba apimwe sasa, mtamwandika kwenye daftari." Sema kwa heshima, ila kwa sauti ya kusikika hadi nyuma. Wakikujibu mfumo, muulize muuguzi mfawidhi yuko wapi. Asipokuwepo, vituo vingi vimebandika namba ya mganga mfawidhi ukutani, karibu na mapokezi. Ipige ukiwa hapohapo dirishani, kabla hujapanda daladala ya kurudi.