DAKTARI ASIFICHWE SINDANO

Wengi wetu tukisikia habari za akupancha, ile tiba ya Wachina ya kudunga sindano nyembamba mwilini ili kutuliza maumivu, tunasema haina madhara. Mwenzangu mmoja darasani alinibishia kweli kweli: "Kwani sindano nyembamba kama unywele itamfanya mtu nini?" Mara nyingi haimfanyi kitu. Lakini mara chache sana humfikisha hospitalini, na hapo ndipo pana neno.

Mwaka wa 2011, Roh Tae-woo, aliyekuwa Rais wa Korea Kusini kuanzia 1988 hadi 1993, alikuwa akikohoa asipone. Madaktari mjini Seoul walipompiga picha, walikuta sindano ya akupancha, ndefu kupita sentimita 6, katika njia ya hewa ya pafu lake la kulia! Waliitoa kwa kupitisha kifaa chembamba ndani ya njia hiyo. Ikiwa rais mzima alipatikana na sindano kifuani, sembuse mimi na wewe?

Hata hivyo, kisa kama hicho ni nadra mno. Kinachojulikana zaidi ni pafu kutobolewa. Sindano ikizamishwa sana kifuani, mgongoni au karibu na bega, huweza kulifikia pafu. Hewa huvuja ikajaa kati ya pafu na ukuta wa kifua, nalo pafu likasinyaa kama tairi la baiskeli lililopata pancha. (Na jina la tiba lenyewe lina pancha ndani yake!) Mgonjwa husikia kichomi na kukosa pumzi, pengine saa kadhaa baadaye akiwa ameshafika nyumbani. Hewa ikiwa kidogo, hupewa oksijeni na kuangaliwa tu. Ikiwa nyingi, daktari huivuta kwa sindano au huingiza mpira kati ya mbavu ili itoke. Ikizidi kukusanyika hubana hata moyo, na hapo hakuna wakati wa kupoteza.

Sasa, kuna wagonjwa wanaoona haya kusema ati wametoka kudungwa. Daktari naye atajuaje? Anaweza kudhani ni nimonia. Lakini mimi simlaumu mgonjwa kwanza, namlaumu mdungaji aliyenyamaza. Kabla mteja hajavaa shati, amwambie wazi: ukishindwa kupumua, kimbia hospitali, useme nilikudunga mimi, na ni hapa mahali nilipokudunga. Tena azihesabu sindano zake anapozitia na anapozitoa.