Maiki Kwanza, Kamera Baadaye

Vijana wanaonijia kujifunza kupiga video za harusi huuliza swali lile lile: ninunue kamera gani? Nawajibu: nunua maiki kwanza.

Sibezi kamera. Mwaka 2008, Nikon D90 na Canon 5D Mark II zilipokuja na uwezo wa kurekodi video, sisi wa mitaani tulipata picha zilizofanana na za sinema: uso wa bibi harusi umekaa vizuri, taa za ukumbi zimefifia nyuma yake. Lakini mashine zile zilibuniwa kwa picha za mnato. Maiki zake za ndani hunasa mlio wa lenzi, feni na vigelegele vya mashangazi, huku kiapo chenyewe kikipotea.

Kwenye kuhariri ndipo mbivu na mbichi hujulikana. Picha ikitikisika, naikata na kuweka ya mikono ikivishana pete. Rangi ikipooza, naichangamsha. Ila nasaha za baba kwa binti yake zisiponaswa, hakuna programu itakayozirudisha.

Kwa hiyo mbandike bwana harusi maiki ndogo kwenye koti, na uvute waya kutoka kwenye miksa ya DJ. Kwenye kamera, weka fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo taa hazitapepesa. Kamera ya mtumba inatosha.

Nanyi wanakamati wa harusi, mnapomchagua mpiga video msimuulize anamiliki kamera gani. Mwambieni awasikilizishe kiapo cha harusi aliyoipiga mwisho.