Shirika moja la ndege? Kwanza tujue nani atashika sanduku

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nami nichangie jambo ambalo vijana wa hapa Mtoni walilijadili barazani juzi hadi kahawa ikapoa. Ndege ilipita juu yetu ikiteremka kuelekea Kisauni, na kijana mmoja akauliza kwa nini Tanzania, Kenya na Uganda kila mmoja ang'ang'anie shirika lake la ndege, badala ya kuyaunganisha yakawa moja lenye nguvu. Mwenzake akamjibu kwa dharau kwamba hilo lilijaribiwa zamani likashindikana, na kwamba sisi watu wa Afrika Mashariki hatuwezi kuendesha ndege pamoja. Mimi nilinyamaza kwa kuwa adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha kuitwa, lakini jibu lile lilinikera, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Si kweli kwamba lilishindikana. Lilikwenda miaka 31. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, East African Airways, lilianza Januari 1946, na wenyewe walikuwa wanne: Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Ndiyo, na Zanzibar. Fungu letu lilikuwa dogo kweli kweli, halikufika hata moja katika mia, lakini tulikuwamo tangu siku ya kwanza. Shirika lilianza na ndege ndogo za propela, za kuazima kutoka shirika la Waingereza la BOAC. Kabla ya hapo kulikuwa na kampuni ya Wilson Airways, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na mwanamke, Bibi Florence Kerr Wilson, nayo ilikuwa ikileta ndege zake hadi huku Unguja. Vita vilipoanza mwaka 1939 ndege zake zikachukuliwa na jeshi, na kampuni haikufufuka tena.

Kutoka kwenye vindege vile vya kuazima, shirika letu lilifika mwaka 1960 likirusha Comet, ndege za jeti, hadi London. Mwaka 1966 likapata Super VC10, ndege ambayo wakati ule haikuwa na haya mbele ya ndege ya taifa lolote. Hizo zilikuwa ndege za mbali. Lakini kwa sisi watu wa pwani, shirika lilikuwa ni ile ndege ya propela iliyopita Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam kama basi linavyopita vituo. Mwaka 1974 nilipanda na marehemu mama yangu kwenda arusini Mombasa. Mama alikuwa na kapu la halwa magotini na hakukubali kumpa mtu yeyote alishike. Tuliondoka Kisauni asubuhi, na chakula cha mchana tukala kwa shangazi, Mombasa. Miaka mitatu baadaye safari ile ikawa haiendeki.

Basi kilichoua shirika ni nini? Ndege hazikuwa mbovu, na marubani na mafundi tulikuwa nao. Kilichoua ni sanduku la fedha. Tiketi ziliuzwa Dar es Salaam, Entebbe na Nairobi, lakini tangu mwaka 1966 kila nchi ilikuwa na benki kuu yake na shilingi yake, na ili fedha ifike makao makuu Nairobi ilibidi serikali ikubali itoke. Makao makuu ndiyo yaliyonunua mafuta, ndiyo yaliyolipa mishahara na madeni ya ndege. Siasa zilipoharibika, fedha zikaanza kukwama njiani. Baada ya Idi Amin kupindua serikali ya Uganda mwaka 1971, Mwalimu Nyerere hakukubali kukaa naye meza moja, kwa hiyo ile Mamlaka ya Marais watatu, ambayo chini ya Mkataba wa mwaka 1967 ndiyo ingekata shauri, haikukutana tena. Shirika likawa mtoto ambaye wazazi wake hawasemezani, na kila mmoja anasema chakula atatoa mwenzake.

Kila upande ulikuwa na lake, na haki ilikuwa imegawanyika. Watanzania na Waganda walilalamika kwamba makao makuu na karakana kubwa viko Nairobi, na kazi na ufundi vinabaki huko. Wakenya walilalamika kwamba wao ndio wanaobeba mzigo, huku wenzao wanataka njia za ndani zisizoleta faida. Wote walisema kweli. Mwisho wa Januari 1977 ndege zikasimama. Kenya ilikuwa imekwisha anzisha Kenya Airways, ikaruka tarehe 4 Februari. Tanzania ikafunga mpaka na Kenya mwezi huo huo, na mwezi wa Machi ikaunda Shirika la Ndege Tanzania. Uganda ilikuwa imeunda lake mwaka 1976. Mpaka ulifunguliwa mwaka 1983. Kugawana mali na madeni ya Jumuiya kulimsumbua msuluhishi Victor Umbricht wa Uswisi kwa miaka, na mapatano yakatiwa sahihi Arusha Mei 1984. Wafanyakazi wa Jumuiya kwa upande wa Tanzania walisubiri mafao yao hadi mwaka 2005 ndipo wakapatana na Serikali mahakamani, wengine wakiwa wamekwisha fariki.

Na ndege je? Hapa ndipo naomba kijana yule asome polepole. Super VC10 zilikuwa tano. Moja iliungua Addis Ababa Aprili 1972 ikijaribu kuruka, wakafa watu 43, Mungu awarehemu. Nne zilizobaki zilirudi Uingereza kwa sababu ya madeni, na jeshi la anga la huko likazigeuza kuwa ndege za kujaza wenzake mafuta angani. Mbili kati ya hizo ziliendelea kuruka mpaka Septemba 2013. Zote mbili zilikuwa na namba za usajili za Tanzania zilipokuwa kwetu. Yaani ndege tulizoshindwa kuzilipia zilikuwa bado zinaruka miaka 36 baadaye mikononi mwa watu wengine. Nani tena aniambie zilikuwa mbovu?

Tangu hapo tumejaribu ndoa nyingine, za haraka haraka. Mwaka 1995 Tanzania na Uganda ziliingia na Afrika Kusini katika shirika lililoitwa Alliance; mwaka 2000 likafungwa. Mwaka 2002 Shirika la Ndege la Afrika Kusini likanunua asilimia 49 ya shirika letu la taifa, mwaka 2006 tukaachana. Kampuni ya Precision Air nayo iliuza asilimia 49 kwa Kenya Airways mwaka 2003. Katika ndoa hizi, mwenye ndege nyingi ndiye aliyepanga safari. Sishangai.

Lakini yako mataifa yaliyoungana yakadumu. Sweden, Norway na Denmark ziliunda SAS mwaka 1946, mwaka ule ule wa shirika letu. Waligawana mafungu saba: Sweden matatu, Norway mawili, Denmark mawili. Ofisi kubwa ikawa Stockholm, lakini kituo kikubwa cha ndege kikawa Copenhagen, kwa hiyo hakuna aliyeondoka mikono mitupu. Si kwamba hawakupata shida. Mwaka 2022 walikimbilia mahakama ya Marekani kujikinga na wadai, na wenye hisa wamebadilika. Hata hivyo shirika lipo. Wale 11 wa Afrika Magharibi na ya Kati walioanzisha Air Afrique mwaka 1961 walifilisika mwaka 2002, baada ya serikali zao kuzoea kupanda bila kulipa na kulimbikiza madeni. Muungano wa wengi ulikuwepo huko na huko. Tofauti ilikuwa katika nani alilipa na nani hakulipa.

Kwa hiyo mimi namuunga mkono kijana wa kwanza. Abiria wa Afrika Mashariki hawatoshi kushibisha mashirika manne au matano ya serikali, kila moja likiwa na ndege za aina yake, vipuri vyake na mafundi wake. Injini za Airbus A220 zilipopata matatizo, kuanzia mwaka 2022 baadhi ya ndege za Air Tanzania zilikaa chini zikisubiri injini kutoka nje. Shirika dogo ndege mbili zikisimama, ratiba nzima inavunjika. Shirika kubwa lingekuwa na ndege za akiba.

Ila wakubwa wetu wakikaa mezani, naomba wasianze na jina wala rangi ya mkia wa ndege. Waanze na sanduku: fedha ya tiketi iende moja kwa moja katika akaunti ya shirika, na pasiwe na hazina ya nchi yoyote yenye uwezo wa kuizuia hata wiki moja. Serikali ikitaka kupandisha mawaziri wake, inunue tiketi kama mimi. Karakana zigawanywe kabla ya ndege ya kwanza kuruka, na shauri likiwashinda Marais liende katika mahakama ya Jumuiya pale Arusha, lisisubiri wapatane.

Na Zanzibar nayo isisahauliwe. Usafiri wa anga ni jambo la Muungano, nalijua hilo, lakini mwaka 1946 tulikuwa na fungu letu kwa jina letu, hata kama lilikuwa dogo. Safari huru ni lazima tuwe na mtu wetu katika bodi, kwa sababu yuko mmoja tu atakayekumbuka kuuliza swali la pwani: njia ya Pemba, Tanga na Mombasa, siku abiria wakiwa sita, nani atalipa mafuta? Safari ya moja kwa moja kutoka hapa hadi Mombasa imekuwa ikianza na kukatika miaka yote hii, kila kampuni ikiangalia faida yake, na siilaumu, biashara ni biashara. Lakini shirika la umma lazima liwe na jibu la swali hilo, tena kwa maandishi, liwemo ndani ya mkataba.

Yule kijana wa pili nimemwahidi kumpelekea gazeti barazani ukiichapa barua hii. Amesema atanijibu.

Mzee wa Baraza,
Mtoni, Unguja.