Kupona si kulala, na kusubiri si uvivu

Msimu wa korosho uliopita nilimpokea kijana wa miaka 17 aliyeletwa kwa bodaboda, amebanwa katikati ya dereva na baba yake, mguu wa kulia unaning'inia. Wiki tisa kabla ya siku hiyo alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mfupa wa ugoko na kuwekewa chuma. Kidonda kilikuwa kimefunga vizuri. Mtaani kulikuwa na fainali ya ndondo, zawadi ni mbuzi, na yeye ndiye winga wao. Aliruka kugombea mpira, akatua vibaya, mfupa ukavunjika palepale ulipokuwa unaanza kuunga.

"Daktari, lakini kidonda kilishapona," baba yake aliniambia. Hakuwa anaongopa. Kovu lilikuwa safi kabisa.

Wiki hiyohiyo wodini nilikuwa na binti mcheza netiboli, amepasuliwa kidole tumbo. Siku ya tatu alikuwa bado kalala chali, na mama yake hataki hata akae kitandani. "Mwanangu amechanwa tumbo, atatembeaje?" Nimebadilisha mambo madogo ili watoto hawa wasitambulike, ila wazazi wa namna hii nawaona kila mwezi, wawe wametoka Masasi mjini au wameteremka kutoka Newala. Wote wanampenda mtoto, na wote wanakosea, kila mmoja kwa upande wake.

Kwa maoni yangu, tumegeuza mambo juu chini. Siku za mwanzo, mwili unapohitaji kujongea, tunamfungia mgonjwa kitandani. Nyuzi zikitolewa, mwili unapohitaji subira, tunamwachia aende uwanjani, shambani, au kisimani na ndoo kichwani.

Tuanze na kitanda. Mtu asipojongea baada ya upasuaji, damu huenda polepole miguuni na inaweza kuganda. Donge hilo likisafiri hadi kwenye mapafu, linaua. Mapafu yasiyovuta hewa vizuri hupata nimonia, tumbo hukataa kufanya kazi, na misuli hupungua haraka kuliko inavyojengeka. Ndiyo maana baada ya upasuaji mwingi wa tumbo tunataka mgonjwa akae na kutembea hatua chache, mara nyingi kesho yake. Akikohoa, akumbatie mto au khanga iliyokunjwa juu ya mshono. Aliyepasuliwa mguu naye achezeshe vidole na kifundo cha mguu, na akanyage kwa kiasi alichoruhusiwa na daktari wake.

Sasa saa ya mwili. Ngozi hufunga katika wiki mbili hivi. Ukuta wa tumbo huhitaji wiki sita au zaidi kabla ya kubeba mizigo mizito. Mfupa wa ugoko mara nyingi huchukua miezi mitatu hadi sita kuunga. Aliyetengenezewa kano ya ndani ya goti hushauriwa asirudi kwenye mechi kabla ya miezi tisa. Kovu unaloliona ni mlango tu, ndani ya nyumba mafundi bado wanajenga. Maumivu kuisha nako si ruhusa ya kurudi mchezoni, kwa sababu maumivu huondoka kabla nguvu hazijarudi.

Najua kwa nini vijana wanaharakisha. Sisi Watanzania tumekua tukisikia habari za John Stephen Akhwari, aliyeumia goti kwenye mbio za marathoni za Mexico mwaka 1968 na bado akamaliza, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Ninamheshimu kama mnavyomheshimu. Lakini ule ulikuwa ushupavu wa siku moja. Kuna ushupavu mwingine usiopigiwa makofi, wa kukaa pembeni miezi sita huku wenzako wanacheza.

Mfano wake ni Faith Kipyegon wa Kenya. Juni 2018, akiwa bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500, alijifungua mtoto wa kike kwa upasuaji. Hakurudi mbioni kwa pupa. Alirudi kushindana mwaka uliofuata, akapata fedha kwenye mashindano ya dunia ya Doha. Mwaka 2021 alitetea dhahabu yake Tokyo, na mwaka 2023 akavunja rekodi ya dunia. Kusubiri hakukumnyang'anya kitu. Kina mama mliojifungua kwa upasuaji, mnaoambiwa mnadeka mkikataa kubeba ndoo, mkumbukeni. Na kukandwa maji ya moto juu ya mshono, kataeni kwa heshima.

Kusubiri kuna kazi zake. Mwenye mguu mgonjwa anaweza kufanya mazoezi ya mikono, tumbo na mguu mzima, kwa maelekezo ya mtaalamu wa fiziotherapia. Ale mayai, dagaa, kunde, mbaazi na karanga, kwa kuwa mwili haujengi nyama na mfupa kwa ugali mtupu. Kocha naye ampe kazi ya kuhesabu pasi au kushika saa, asije akajiona ametupwa.

Sisi madaktari nasi tuna lawama yetu. Mara ngapi tumemruhusu mgonjwa kwa maneno mawili, "nenda kapumzike," bila kueleza? Nami nimewahi kufanya hivyo. Kwa hiyo, mzazi, usitoke hospitali kabla hujauliza haya: Leo afanye nini? Asifanye nini, na mpaka lini? Nani atampima kabla hajarudi uwanjani? Majibu yaandikwe, na nakala impelekee mwalimu wa michezo.

Mrudishe hospitali siku hiyohiyo akipata homa, kidonda kikitoa usaha, au shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma. Mguu huo msiukande. Akibanwa pumzi ghafla au kuumwa kifua, usingoje hata asubuhi.

Yule winga alipasuliwa mara ya pili na msimu wote ukampita. Juzi alikuja kliniki kwa magongo, mikono imejaa misuli. Aliniuliza zimebaki siku ngapi. Nikamwambia, "Mwanangu, tupige picha kwanza." Baba yake akacheka, akasema safari hii mbuzi watamnunua sokoni.