Mishahara ya Tarime isikokotolewe kichwani

Mwisho wa mwezi mjini Tarime, mwenye duka la vifaa vya ujenzi hufungua kaunta buku, akashika kalkuleta na simu ya kutumia pesa. Anawalipa vijana wake watatu, anaandika jina na kiasi, anafunga daftari. Mambo yanakwenda, mpaka siku kijana mmoja anapofika NSSF kuulizia michango yake.

Tuchukue mshahara wa shilingi 400,000. Mfanyakazi akichangia asilimia 10 NSSF, zinatoka 40,000, zinabaki 360,000. Kodi ya mshahara, yaani PAYE, haigusi 270,000 za kwanza. Kilichozidi, 90,000, hukatwa asilimia 8, sawa na 7,200. Anapokea 352,800. Anayekokotoa kwa haraka husahau kuondoa NSSF kwanza, akakata kodi ya 10,400. Tofauti ni 3,200 kwa mwezi, 38,400 kwa mwaka, na anayeumia ni mfanyakazi asiyejua hata pa kuuliza. Mwajiri naye ana 40,000 zake za NSSF na mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na PAYE inatakiwa TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha.

Kazi hiyo ni ya kompyuta. Tally, QuickBooks au hata jedwali la Excel lililopangwa vizuri hurudia hatua zilezile kila mwezi bila kuchoka. Ila programu nyingi zimetengenezwa ughaibuni. Viwango vya Tanzania lazima mtu aviingize, na avibadilishe Bunge likivibadilisha.

Nyamongo, eneo la migodi wilayani Tarime, ndiko haja ya kumbukumbu nzuri inakoonekana wazi zaidi. Kanuni za mwaka 2018 za ushiriki wa Watanzania katika madini zinawapa wazawa kipaumbele cha kuuza bidhaa na huduma migodini. Lakini mgodi mkubwa kama North Mara haununui mboga au sare kwa maneno ya mdomo: unataka ankara, risiti ya EFD na kumbukumbu zinazokaguliwa. Mama lishe mwenye wapishi wanane anaweza kupika vizuri kuliko kampuni ya Mwanza, akakosa zabuni kwa sababu ya makaratasi tu. Hilo linauma.

Upande wa Serengeti, kambi za watalii huongeza watu msimu wa nyumbu, kisha huwapunguza. Nani alianza lini, alilipwa siku ngapi? Daftari lililolowa mvua halijibu.

Wapo wanaosema vitabu vya hesabu ni vya matajiri. Sheria ya Fedha ya 2019 ilisema vingine: mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo ya milioni 8 kwa mwaka alitozwa 250,000 kama hana kumbukumbu, na 120,000 kama anazo. Nusu ya kodi na zaidi ilibaki dukani.

Anayekosekana ni mtu wa kuwafundisha wafanyabiashara hawa. Halmashauri za Tarime na Serengeti hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mkopo huo uambatane na siku chache mbele ya kompyuta, mkopaji akiingiza mauzo yake mwenyewe na kuchapa hati ya mshahara ya mfanyakazi wake. Hati hiyo si hisani: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi ya malipo na makato, na mhudumu wa kambi huko Mugumu, wilayani Serengeti, anastahili kuondoka nayo mkononi msimu ukiisha.