Chanda Chema Huvikwa Pete: Tuwaenzi Wanaozihudumia Shule Zetu



Juma hili tunaanza kwa kukiri kosa letu wenyewe. Mwishoni mwa muhula uliopita tulialikwa katika siku ya kutoa zawadi kwenye shule moja ya msingi hapa Pwani. Hema lilipigwa, viti vya mbele vikatandikwa vitambaa, na mgeni wa heshima akangojwa mpaka jua likawa utosini. Hatimaye majina yakasomwa: aliyetoa saruji, aliyetoa tangi la maji, aliyetoa rangi ya kuta. Tulipiga makofi pamoja na wenzetu, tukapiga picha, na picha hizo mliziona katika kurasa hizi.

Siku mbili baada ya jarida kutoka, msomaji wetu mmoja, mama wa watoto watatu katika shule ile, alitupigia simu. Baada ya salamu na kujuliana hali, alituuliza swali moja tu: "Habari za saruji mmeandika. Habari za uji je?"

Hatukuwa na jibu, kwani tuliyajua aliyokuwa akiyasema. Wakati majina yakisomwa, nyuma ya madarasa, chini ya mwembe, palikuwa na mama wa makamo akisugua sufuria kwa mchanga na jivu. Ndiye aliyeupika uji walioamkia watoto asubuhi ile, kama anavyoupika kila siku ya shule, na huu ni mwaka wake wa tisa. Hakuajiriwa na mtu. Mwanawe wa mwisho alikwisha kutoka katika shule hiyo zamani. Alianza siku alipopita dirishani akawaona watoto wa darasa la kwanza wamelaza vichwa juu ya madawati saa nne ya asubuhi kwa njaa; akaenda kwa mwalimu mkuu kuomba ruhusa ya kuja na jiko lake. Unga huchangwa na wazazi, na siku mchango usipotosha hujazia wa kwake bila ya kumwambia mtu. Sisi tulipita pale tukitafuta maji ya kunawa, tukamwamkia. Aliitika, kisha akatuuliza kama wageni wamekwisha kula. Tukamjibu, tukarudi hemani. Jina lake halikusomwa, wala sisi hatukuuliza kwa nini.

Ndugu zetu, katika hadithi zilizopokewa na Maimamu Bukhari na Muslim, imo habari ya mwanamke aliyekuwa akiufagia msikiti wa Mtume (SAW) mjini Madina. Siku moja Mtume hakumwona, akauliza yuko wapi. Akaambiwa kwamba amefariki na amekwisha kuzikwa. Masahaba hawakumpa habari, kwa kuwa walilidogesha jambo la mama yule. Mtume hakuridhika na hilo. Aliwauliza kwa nini hawakumwarifu, akataka aonyeshwe kaburi lake, akaenda akamswalia.

Tumeisikia habari hii mara nyingi katika darsa, na aghalabu huelezwa kwa ajili ya kuonyesha fadhila za kuusafisha msikiti. Lakini imo na sehemu inayotuhusu sisi tunaobaki. Kiongozi wa umma, mwenye shughuli za dola na za wahyi, aligundua kwamba mfagizi hayupo. Wale waliomzunguka hawakuwa watu wabaya. Walidhani tu kwamba habari za mfagizi si za kumsumbua mkubwa. Nasi ndivyo tulivyodhani kuhusu uji.

Watu wa aina hii tunao kila mtaa. Yuko fundi seremala ambaye kila likizo huyapitia madawati moja moja na kuyagongea misumari ya kwake. Yuko nahodha avushaye watoto wa ng'ambo kwa mashua yake na asiyetaka nauli kwa mwenye sare ya shule. Yuko kijana wa bodaboda aliyejipa kazi ya kuyasimamisha magari asubuhi ili watoto wavuke, ilhali saa hiyo ndiyo saa yake ya abiria. Yuko ustadhi ambaye, baada ya kusomesha Qur'ani chuoni, huwabakisha watoto wanaolemewa na hesabu mpaka karibu na Magharibi. Yuko binti aliyemaliza kidato cha nne ambaye, angali akingoja nafasi ya masomo, huenda kukaa na watoto wasiojua kusoma. Hawa hawamo katika daftari la mishahara, na ndiyo sababu ni rahisi kuwasahau.

Wala jambo hili si geni katika pwani yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, viongozi wa Kiislamu wa Pwani waliingiwa na wasiwasi kwa kuwa watoto wetu walikuwa wakiingia shule za msingi wakiwa nyuma ya wenzao. Kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, kazi ya kutafuta dawa alipewa mwalimu wa Mombasa, Bi Swafiya Said. Aliwaendea wazazi mitaani na vijijini, akaketi nao, akawasikiliza. Ndipo zilipozaliwa shule za chekechea za Kiislamu, ambamo mtoto hujifunza Qur'ani na adabu pamoja na kusoma, kuhesabu na kucheza, na katika muda wa miaka michache mpango ule ukavuka hadi Zanzibar na Uganda.

Jina la Bi Swafiya linakumbukwa, na linastahiki kukumbukwa. Lakini mpango ule haukusimama kwa mtu mmoja. Wanajamii walitoa chumba, mara nyingi ubavuni mwa msikiti au chuo. Wazazi wakachagua kamati. Na walimu walikuwa wanawake wa mtaa ule ule, waliofunzwa kazi wakaikubali kwa malipo madogo. Vifaa vya kufundishia vilikuwa vifuu, makombe ya pwani, mbegu na vizibo vya chupa. Wengi wa wanawake wale sasa ni bibi zetu. Huenda mmoja wao ni jirani yako, na wewe wamjua kwa mahamri yake tu, hujui kwamba mkono wake ndio ulioushika mkono wa mumeo alipoandika alifu yake ya kwanza.

Wako watakaotujibu kwa methali: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Watasema kwamba sifa huharibu kazi, na kwamba anayefanya kwa ajili ya Mwenyezi Mungu hahitaji makofi. Hoja hii ina uzito, kwa kuwa riya ni maradhi tunayoonywa nayo, na sadaka ya siri imesifiwa katika Qur'ani kuliko ya dhahiri. Hata hivyo, tuangalie maonyo hayo yanamhusu nani. Kuificha amali ni wajibu wa anayeitenda. Kushukuru ni wajibu wa aliyetendewa. Mtume (SAW) ametufundisha kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Mungu. Isitoshe, wazee waliotuachia methali ya mgema ndio hao hao waliosema kwamba chanda chema huvikwa pete, na kwamba mcheza kwao hutunzwa. Na ajabu ni kwamba methali ya mgema hatukuikumbuka tulipokuwa tukimpigia makofi mwenye saruji.

Basi tuwaenzi vipi? Tulimrudia yule mama wa uji, safari hii kwa miadi, tukamwomba radhi. Tulipomwuliza angependa afanyiwe nini, hakutaja zawadi wala cheti. Alisema moshi wa kuni unamwumiza kifua, na kwamba anaogopa siku atakayougua, kwa kuwa hakuna mwingine ajuaye kiasi cha unga wala saa ya kuwasha moto. Maneno yale yametufunza mengi, nasi twayapanga hapa kwa ufupi.

Kwanza, tuwapunguzie mzigo. Heshima ya kweli kwa anayebeba peke yake ni kuuinua upande mmoja wa mzigo. Akina mama watano wakishika zamu, kila mmoja siku yake, mpishi wetu atapata hata siku ya kwenda hospitali. Jiko lenye bomba la kutolea moshi litamfaa kuliko kombe la kuweka kabatini.

Pili, tuwaangalie katika afya zao. Kwa asiye na mshahara, mchango wa chini kabisa katika bima ya afya ya SHA ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Wazazi wa darasa moja wakichangishana, jambo hilo humalizika kwa siku moja, na mtu akalala akijua kwamba akiugua ana pa kuanzia.

Tatu, tuwape sauti. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imeweka chama cha wazazi katika kila shule ya umma. Mara nyingi katika mikutano hiyo wanaosema ni wale wale, na mama anayewajua watoto wote kwa majina na kwa njaa zao huketi nyuma kimya. Mwenyekiti na amwite mbele, amwulize aliyoyaona.

Nne, tuwataje, lakini kwa idhini yao. Mwenye kupenda jina lake lisomwe, lisomwe kwa sauti na mbele ya watoto. Mwenye kupenda sitara, asipigwe picha wala asitiwe mtandaoni. Atajwe katika dua baada ya swala, nayo yatosha. Yule mama wetu alichagua sitara, na ndiyo sababu hamkuliona jina lake hapa.

Hatuna budi pia kutahadharisha. Kuwaenzi wanaojitolea kusigeuke kuwa njia ya kuwasamehe wanaopaswa kutenda. Serikali iliondoa karo katika shule za msingi za umma mwaka 2003, na chakula, walimu wa kutosha na barabara salama ni haki za watoto wetu, si fadhila za mama mmoja na kijana mmoja wa bodaboda. Tumshukuru anayeziba ufa, na papo hapo tuendelee kumdai mwenye nyumba ajenge ukuta. Wala aliyetoa saruji hatumdharau. Nayo pia ni sadaka yenye kuendelea, Inshallah, maadamu watoto wanasoma kivulini mwake. Tunachoomba ni mizani iliyo sawa baina ya mwenye kutoa mali mara moja na mwenye kutoa alfajiri zake miaka tisa.

Tunafurahi kuwaarifu kwamba zamu za uji zimekwisha kuanza. Akina mama wanne wamejiandikisha, na wa tano ni yule yule aliyetupigia simu. Mpishi wetu sasa hupumzika Jumatano, ingawa tumeambiwa kwamba Jumatano iliyopita alikuja vivyo hivyo, akaketi chini ya mwembe, akawa anaonja na kusema uji haujaiva.

Usiku wa leo, kabla mwanao hajalala, mwulize: nani alikupa uji leo? Nani alikuvusha barabara? Nani alikufungulia lango? Akilijua jina, mfundishe kumwombea. Asipolijua, fuatana naye kesho mwende mkaulize pamoja. Na mkipenda, tuandikieni. Kuanzia juma lijalo tutatenga nafasi katika safu hii kwa ajili ya watu hawa, kwa idhini yao.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awalipe wote wanaozihudumia shule zetu kwa mikono yao, awape afya na umri wenye baraka, na asitujaalie kuwa miongoni mwa wanaoitambua kazi ya mtu baada ya kumzika. Amin.