Watafiti wa Ziwa Tanganyika wakutane Kigoma

Mwanafunzi wa uzamivu anayechunguza miamba, maji au tope la Ziwa Tanganyika huitetea kazi yake mbali na ziwa lenyewe. Wa Dar es Salaam huitetea kwa Kiingereza. Wa Bujumbura na wa Lubumbashi kwa Kifaransa. Mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Kagunga, mpakani kabisa na Burundi, na nasema utaratibu huu unatunyima mengi. Wanafunzi hawa wakutane Kigoma kila mwaka, wawasilishe kazi zao zikiwa bado mbichi, wahojiane kwa Kiswahili.

Hapa kwetu milima inashuka hadi majini, na anayekwenda mjini hupanda boti, akaipita Gombe na kushukia Kibirizi. Nimewapokea watafiti wawili kwa nyakati tofauti, mmoja akitokea Burundi, mwingine Dar es Salaam. Wote walipima udongo unaosombwa na vijito kuingia ziwani wakati wa masika. Nilipomweleza wa pili habari za yule wa kwanza, alishangaa, akaniomba namba yake ya simu papo hapo. Watu wawili wanatafuta jibu la swali moja kwenye mwambao mmoja, kisha anayewakutanisha ni mwalimu wa sekondari kwa bahati tu. Hilo halifai.

Ziwa letu lina umri wa miaka kati ya milioni 9 na 12, na kina chake kinafika meta 1,470. Kule chini hakuna oksijeni, kwa hiyo hakuna viumbe wa kuchimbua tope. Tabaka hulala juu ya tabaka bila kuvurugwa. Ndiyo maana watafiti wa mbali wanalifuata tope hilo, wasome ndani yake historia ya ziwa. Mwaka 2010 Jessica Tierney, aliyekuwa akisomea uzamivu katika Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, alionyesha pamoja na wenzake kwamba maji ya juu ya ziwa mwishoni mwa karne ya 20 yalikuwa na joto kuliko wakati wowote katika miaka 1,500 iliyopita. Tope walilolipima lilitoka upande wa Kalya, kusini mwa mkoa wetu.

Matokeo kama hayo yanagusa sufuria zetu. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, hayachanganyiki na ya chini, na rutuba hubaki kilindini. Mwani hupungua, na dagaa hupungua nao. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walikadiria kwamba uzalishaji wa mwani ulikuwa umeshuka kwa asilimia 20 hivi. Tena walitaja kupungua kwa upepo unaoyachanganya maji. Mwaka 2006 watafiti wengine, wakiongozwa na Jouko Sarvala wa Finland, walipinga: mabadiliko ya samaki wanaovuliwa yanatokana zaidi na namna ya kuvua kuliko hali ya hewa. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake walisoma mabaki ya samaki na konokono katika tope, wakaona upungufu ulianza kabla uvuvi wa kibiashara haujapanuka.

Huo ni ubishi mzuri wa kisayansi, nao unatuhusu sisi kuliko mtu mwingine yeyote. Lakini umeendeshwa katika majarida ya Kiingereza, na kijijini limefika neno moja tu: mmevua mno. Mzee mmoja wa hapa, mvuvi tangu ujana wake, aliniambia, "Mwalimu, kusi la siku hizi halina nguvu." Hajasoma jarida lolote. Laiti mzee huyu angekaa mbele ya wanafunzi wa uzamivu, wakamuuliza ni tangu lini, miezi gani, upande gani wa ziwa!

Lipo pia suala la kupanda na kushuka kwa maji. Maji yalipopanda mwaka 2024, yaliingia katika nyumba za watu Bujumbura na Uvira. Ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, ulioko Kalemie, Kongo. Anayetaka kujua mwambao wa Kagunga utakuwaje lazima azungumze na anayepima Lukuga. Kukutana kwa watafiti hao ni sehemu ya kazi yenyewe.

Wapo watakaosema Kiswahili hakina istilahi. Nimefundisha Bonde la Ufa kwa miaka, na wanafunzi wangu huelewa vizuri zaidi ninapolieleza kwa Kiswahili. Mtafiti asiyeweza kueleza tope lake kwa lugha ya mwambao anaoupima ana kazi ya ziada ya kufanya. SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika ambayo Zambia na Kongo, zinazopakana na ziwa hili, ni wanachama wake, iliikubali lugha hii kuwa rasmi mwaka 2019. Wengine wataogopa kuibiwa matokeo. Hofu hiyo ni ya haki, na dawa yake ni kanuni iliyoandikwa: mwenye data ndiye wa kwanza kuichapisha.

Mfano tunao. Kuanzia mwaka 1998, Mradi wa Nyanza uliwaleta wanafunzi wa Marekani na wa Afrika kufanya utafiti pamoja Kigoma, katika kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI). Kama vijana wa shahada ya kwanza waliweza, wa uzamivu wataweza.

Wakati wa kukutana pia upo. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Katika miezi hiyo kusi linavuma, na ziwa likifungwa boti za uvuvi hutulia na wavuvi huwa nchi kavu. TAFIRI itoe ukumbi, Mamlaka ya Ziwa Tanganyika iwaalike wanafunzi wa nchi zote nne zinazolizunguka ziwa, na vyuo viuhesabu mkutano huo kuwa sehemu ya masomo yao. Viti vya mbele wapewe wavuvi, nao waruhusiwe kuuliza.